Titan chini ya ukungu wake: maswali kuhusu kupima uakisi wa ardhi

Watu wengi wakiona ramani za Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, hudhani ni picha za kawaida: chombo kilipita juu, kikapiga, basi. Sivyo. Kila doa jeupe na kila doa jeusi kwenye ramani zile ni jibu la hesabu, na sehemu ngumu ya hesabu hiyo ni kuutoa ukungu. Nimeshughulika na data za Cassini, chombo kilichoichunguza Zohali na miezi yake, muda wa kutosha kuumia kila ninapoona nambari ya uakisi inanukuliwa peke yake, bila kutajwa ni ukungu wa kiasi gani ulioondolewa kuipata. Ndiyo maana majibu ya hapa mengine ni marefu.

Uakisi ni nini hasa?

Ni sehemu ya mwanga ambayo ardhi inaurudisha, kati ya mwanga wote ulioiangukia. Sifuri ni weusi tii, moja ni weupe kamili. Theluji mpya hupita 0.8. Mwezi wetu huu, unaong'aa mpaka tukautungia mashairi, hurudisha kama 0.12 tu; ni jiwe jeusi linaloonekana jeupe kwa sababu limezungukwa na giza. Jicho hudanganyika kirahisi, kwa hiyo tunapima.

Uakisi pia hubadilika kwa rangi ya mwanga. Jani la mwembe hurudisha kijani kidogo na infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, nyingi sana. Ukisikia mtu anasema "uakisi wa mahali fulani Titan ni 0.1", muulize kwanza: katika urefu gani wa wimbi, yaani rangi gani ya mwanga?

Kwa nini Titan inasumbua kuliko miezi mingine?

Kwa sababu ina angahewa nzito. Kanieneo kwenye ardhi yake ni kama mara moja na nusu ya kwetu, na karibu yote ni nitrojeni, na methani kidogo. Juu ya hapo kuna ukungu wa rangi ya chungwa unaofika mamia ya kilomita. Chombo cha Voyager 1 kilipita karibu nayo Novemba 1980, na picha kilizoleta zilikuwa za mpira wa rangi moja, laini, bila mlima wala bonde. Baada ya safari ya miaka mitatu, kilionyeshwa pazia.

Chukua mfano wa chandarua. Simama nje usiku, mmulike kwa tochi mtu aliyelala ndani. Chandarua chenyewe ndicho kinachong'aa, na mtu humwoni vizuri. Mwanga wa tochi umegonga nyuzi na kukurudia usoni kabla ya kumfikia yeye. Ingiza tochi ndani ya chandarua, na uso wake unaonekana wazi. Shika mfano huu, tutaurudia.

Huo ukungu ni wa maji?

Hapana. Ni nyuzijoto 179 chini ya sifuri kule. Maji ni mwamba. Ukungu wa Titan uko karibu zaidi na moshi. Miale ya Jua na chembe zenye nishati huvunja methani na nitrojeni juu kabisa ya angahewa, vipande vinaungana kuwa molekuli kubwa za kaboni, na hizo zinashikamana kuwa chembe. Carl Sagan na Bishun Khare walitengeneza kitu cha namna hiyo maabara na mwaka 1979 wakakipa jina la "tholini". Chembe zenyewe si duara. Ni vipunje vidogo sana, maelfu kwa maelfu, vilivyoshikana ovyo kama kishada. Umbo hilo lina maana kubwa kwetu, maana kishada hutawanya mwanga tofauti na punje ya mviringo: husukuma mwingi mbele, kidogo nyuma. Ukikosea umbo, umekosea ukungu. Ukikosea ukungu, umekosea ardhi.

Methani nayo si inameza mwanga?

Inameza, tena sana. Lakini haimezi urefu wote wa mawimbi kwa usawa. Katikati ya mikanda ambapo methani inameza kuna nafasi ambapo mwanga unapita, na nafasi hizo tunaziita madirisha. Yale yanayotumika zaidi yako karibu na maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 0.94, 1.08, 1.28, 1.6, 2.0, 2.7 hadi 2.8, na 5. Yote ni infraredi, jicho haliyaoni.

Kila dirisha lina tabia yake. Lile la 0.94 lina mwanga mwingi wa Jua, ila ukungu bado ni mzito hapo, na picha hutoka kama imepakwa mafuta. Lile la 5 ni kinyume: ukungu karibu haupo kabisa, kingo za matuta na mabonde zinakatika vizuri, lakini mwanga ni haba. Kumbuka Titan iko mbali na Jua karibu mara tisa na nusu kuliko sisi, hivyo inapata kama sehemu moja ya tisini ya mwanga tunaopata, na kwenye maikromita 5 Jua lenyewe hutoa kidogo. Mimi ninapotaka kuangalia mahali kwa mara ya kwanza hufungua dirisha la 2.0. Ukungu umeshapungua, na mwanga bado upo wa kutosha.

Cassini ilitumia kifaa gani?

Kamera yake iliona ardhi kupitia kichujio cha maikromita 0.938. Lakini kazi ya uakisi kwa upana wake ilifanywa na VIMS, spektromita iliyogawa mwanga katika chaneli 352, kuanzia 0.35 mpaka maikromita 5.1. Upande wa infraredi haukupiga picha kwa mkupuo. Kioo kidogo kilisogezwa, pikseli moja baada ya nyingine, mstari baada ya mstari. Kila pikseli ilibeba rangi zake zote, kwa hiyo faili moja ni kama boksi: urefu, upana, na kina cha rangi.

Pikseli ya kawaida ilikuwa na upana wa pembe wa nusu milirediani. Kutoka kilomita 10,000 hiyo ni kilomita tano ardhini. Yaani mji wa Moshi ungeingia katika pikseli chache tu. Cassini iliipitia Titan kwa karibu mara 127, tangu ilipofika Zohali mwaka 2004 mpaka ilipozamishwa ndani ya sayari hiyo tarehe 15 Septemba 2017.

Si wangetumia rada tu, inayopenya ukungu?

Walitumia. Rada ya Cassini, yenye wimbi la kama sentimita 2.2, haikuuona ukungu kabisa, na ndiyo iliyotupa maziwa ya methani na matuta ya mchanga kwa undani. Lakini rada hupima kitu kingine: jinsi ardhi ilivyo ya kukwaruza au laini kwa kipimo cha sentimita, na jinsi inavyopitisha umeme. Haikwambii rangi. Xanadu, nchi kubwa inayong'aa, inang'aa kwenye infraredi na kwenye rada pia, lakini kwa sababu ambazo si lazima zifanane. Ni kama kumjua mtu kwa sauti na kumjua kwa sura.

Haya, ukungu mnautoaje?

Hapa ndipo penye kiini, tukae kidogo.

Mwanga unaofika kwenye chombo una mafungu mawili. Fungu la kwanza halikugusa ardhi kabisa: liligonga ukungu likarudi. La pili lilishuka, likagonga ardhi, likapanda tena. Na sehemu ya hilo la pili, likiwa linapanda, hugonga ukungu kwa chini, hurudishwa ardhini, hugonga tena, hupanda tena. Kwa namna rahisi tunaandika hivi:

Mwanga uliopimwa = U + P × A ÷ (1 − R × A)

U ni mwanga wa ukungu peke yake. P ni upenyo, yaani kiasi kinachofanikiwa kushuka na kupanda. R ni kiasi ambacho ukungu hurudisha chini. A ni uakisi wa ardhi, ndio tunaoutafuta.

Tuweke nambari za mfano. Sema U ni 0.07, P ni 0.40, R ni 0.30, na chombo kimepima 0.12. Ukifanya hesabu, A ni 0.12 pia, imetokea tu. Sasa sema nimekosea ukungu kidogo, U ni 0.08 badala ya 0.07. A inashuka hadi 0.097. Nimepoteza karibu moja ya tano ya jibu kwa kosa la 0.01.

Rudia kwa mahali peusi, ambapo chombo kimepima 0.09. Kwa U ya 0.07, A ni 0.049. Kwa U ya 0.08, A ni 0.025. Jibu limekatika nusu! Kosa lilelile la ukungu linalojeruhi mahali peupe linaua mahali peusi. Na Titan imejaa mahali peusi: Shangri-La, Belet, Fensal, Aztlan, bahari zote za matuta ya mchanga karibu na ikweta. Ndiyo maana nasema nambari ya uakisi wa matuta isiyoambatana na ukungu wake haina uzito.

Katika kazi halisi U, P na R hazikisiwi kwa kidole. Hukokotolewa na programu zinazofuatilia mwanga tabaka kwa tabaka, kila tabaka na chembe zake na gesi yake.

Na kiasi cha ukungu mnakijuaje, kama ardhi yenyewe hamuijui?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa zaidi na watu wa hesabu. Zipo njia tatu, na hutumika pamoja.

Ya kwanza: ndani ya mikanda ambapo methani inameza mwanga wote, ardhi haionekani kabisa. Kinachorudi hapo ni ukungu wa juu peke yake. Unaupima hapo, kisha unauhamishia kwenye dirisha la jirani kwa kujua jinsi chembe zinavyobadilika kwa urefu wa wimbi.

Ya pili: kutazama mahali pamoja kwa pembe tofauti. Ukitazama kwa mshazari, njia ndani ya ukungu ni ndefu na U inapanda. Ukitazama wima, inashuka. Ardhi ni ileile. Tofauti kati ya picha mbili inasema habari za ukungu. Katika njia hii jihadhari na pembe kali. Programu nyingi huchukulia angahewa kama matabaka bapa, mfano wa chapati zilizopangwa, ilhali Titan ni mviringo wenye nusu kipenyo cha kilomita 2,575 na ukungu wa mamia ya kilomita juu yake. Karibu na ukingo wa Titan chapati hazifai tena, na uakisi unaotoka hapo ni wa kutupa.

Ya tatu ni Huygens.

Huygens ilitusaidiaje?

Tarehe 14 Januari 2005 chombo kidogo cha Shirika la Anga la Ulaya kilishuka kwa miavuli ndani ya angahewa ya Titan kwa muda wa kama saa mbili na nusu. Kilibeba kifaa kilichoitwa DISR, cha timu ya Martin Tomasko wa Chuo Kikuu cha Arizona, kilichotazama juu na chini njia nzima. Kwa mara ya kwanza ukungu ulipimwa kutoka ndani. Wengi walitarajia kwamba chini kabisa hewa ingekuwa safi. Ikaonekana ukungu unaendelea mpaka ardhini.

Kisha tochi ikaingia ndani ya chandarua. Kwenye kimo cha kama mita 700, Huygens iliwasha taa ya wati 20. Wati ishirini! Balbu ya chumba cha kulala, kilomita zaidi ya bilioni moja kutoka nyumbani. Sababu yake ni hii: mpaka mwanga wa Jua ufike chini, methani imeshameza rangi nyingi zisibaki. Hakuna cha kuakisiwa katika rangi hizo. Taa ilileta mwanga mpya kutoka karibu, ambao haukupitia kilomita na kilomita za methani, na rangi zilizokosekana zikajazwa. Chombo kilitua bila kupinduka, na kifaa kikaendelea kuitazama ardhi ileile: mawe ya mviringo kama ya mtoni, kwenye tope lililokauka nusu.

Uakisi wa pale unapanda kutoka rangi ya buluu kwenda nyekundu, unafika karibu 0.18 kwenye maikromita 0.83, halafu unateremka mpaka kama 0.06 karibu na 1.5. Hiyo ndiyo nukta yetu ya kweli. Kila mtu anayetengeneza modeli ya ukungu huiendesha kwanza juu ya sehemu ya kutua Huygens, na kama jibu halikaribiani na lile la taa, anarudi mezani.

Ni nukta moja kwenye Titan nzima, na ilipimwa siku moja. Hilo lisisahaulike.

Kwa nini ramani zina mishono?

Kwa sababu kila kipande kilipigwa siku tofauti, Jua likiwa mahali tofauti na chombo pia. Usipotoa ukungu sawasawa, kipande kimoja kinakuwa cheupe kuliko jirani yake na unaona mstari katikati ya jangwa. Stéphane Le Mouélic wa Nantes, Ufaransa, na wenzake walitumia miaka kuifuta mishono hiyo, na ramani yao ya Titan nzima ndiyo iliyo nzuri kuliko zote kwa macho. Ila ilisahihishwa kwa njia ya kukadiria, ili ipendeze na ilingane. Itumie kutafuta mahali, usiitumie kusoma nambari.

Msimu nao umo. Mwaka wa Titan ni karibu miaka 29 na nusu ya kwetu. Cassini ilifika majira ya baridi ya kaskazini, ikaondoka kiangazi kimeingia, na ukungu ulihama kati ya ncha mbili za Titan, ya kaskazini na ya kusini, wakati huo wote.

Pikseli nyeusi iliyo kando ya nchi nyeupe inaathirika?

Ndiyo. Mwanga uliotoka kwenye nchi nyeupe hutawanywa na ukungu na baadhi huingia kwenye pikseli ya jirani. Ziwa dogo huonekana jeupe kidogo kuliko lilivyo. Kwenye maikromita 5 shida hii karibu haipo, kwenye 0.94 ni kubwa.

Data za methani zenyewe ni za kuaminika?

Siku hizi ni nzuri sana. Zamani zilikuwa kikwazo. Methani ya Titan ni baridi na mwanga huipitia kwa umbali mrefu, hali ambayo ni kazi kuiiga maabara. Orodha mpya za mistari ya methani zilizotolewa na timu za maabara, Grenoble na Tomsk zikiwa mbele, kuanzia karibu mwaka 2010, ziligeuza dirisha la 1.6 kuwa kitu cha kutegemewa. Uakisi uliochapishwa kabla ya hapo kwenye dirisha hilo ningeupitia upya kabla ya kuutumia.

Ukishapata uakisi, unajua ardhi imeundwa na nini?

Kidogo kidogo. Barafu ya maji humeza mwanga karibu na 1.5 na 2.0, tholini hupanda kuelekea wekundu, na madirisha yetu ni machache: ni kama kusoma ukurasa kupitia matundu saba. Timu ya Caitlin Griffith mwaka 2019 ilichambua data za ukanda wa ikweta kwa takwimu na kuonyesha ukanda wenye barafu nyingi, wenye urefu wa kilomita 6,300, karibu asilimia 40 ya mzingo wa Titan. Kinachonivutia ni kwamba tofauti ile ni ndogo mno kuonekana kwa jicho kwenye ramani ya kawaida.

Uakisi wa mahali unaweza kubadilika kweli?

Unaweza. Septemba 2010 mawingu makubwa yalitokea karibu na ikweta, na baada yake eneo la kama kilomita za mraba nusu milioni lilionekana limekuwa jeusi. Maelezo yaliyokubalika ni mvua ya methani iliyolowesha ardhi, kama barabara ya vumbi inavyokolea rangi baada ya manyunyu. Ili kusema "ardhi imebadilika" lazima kwanza uonyeshe kwamba ukungu na mawingu havikubadilika hivyo, na kwamba pembe ya kutazama haikukuchezea.

Njia hii inatumika duniani?

Kila siku. Mtu anayepima mikoko ya Rufiji kwa picha za setilaiti hutoa vumbi na mvuke kwa hesabu ya aina ileile. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kushuka kwa boti akapime jani kwa mkono.

Nami naweza kujaribu?

Data zote za VIMS ziko wazi, bure, katika hifadhi ya data za sayari ya NASA. Anza na mpito mmoja, chagua dirisha la 2.0 na mkanda wa giza ulio kando yake, ambapo methani inameza mwanga, toa cha pili kutoka cha kwanza. Haitakuwa uakisi halisi, lakini utaona Xanadu ikijitokeza kutoka kwenye ukungu kwenye skrini yako mwenyewe. Baada ya hapo weka U, P na R, na uanze kubishana nazo.

Lini tutapata nukta ya pili?

Dragonfly ya NASA, chombo chenye mapanga kama helikopta, imepangwa kurushwa mwaka 2028 na kufika mwaka 2034, kikianzia kwenye matuta karibu na kreta ya Selk. Kitaruka kutoka mahali hadi mahali, na kila kitakapotua kitaitazama ardhi kutoka chini ya chandarua.